Gari la vijiti limepaki tangu Januari 2025. Hivi uzazi wa dada zetu utasubiri kura za Marekani mpaka lini?

Dereva wa Mkoba:

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu kila nikianza kuuandika najiona kama nalilia kibarua. Kibarua kilishaota nyasi, sasa hivi nasukuma bajaji Mbagala na watoto wanakula, kwa hiyo hilo tuliweke pembeni.

Nilikuwa dereva kwenye mradi wa afya ya uzazi uliolipwa na serikali ya Marekani. Kazi yetu ilikuwa huduma ya mkoba, yaani kuwafuata kina mama walipo na njia za uzazi wa mpango. Kwa asiyeijua: manesi wawili, meza ya kukunja, pazia, sanduku la vifaa, mnapanda Land Cruiser saa kumi na mbili asubuhi mnaelekea Msongola, Kimbiji, siku nyingine mnavuka mpaka Mkuranga. Mkifika kina mama wameshakaa chini ya mwembe na kadi zao. Wengine wanasema wamekuja kupima presha, kwa sababu shemeji yuko karibu. Mimi nilikuwa nashika pazia nikiwa nimegeukia nje. Siyo kazi ya dereva, lakini upepo wa Kimbiji mnaujua.

Mwisho wa Januari 2025, asubuhi, simu: gari lisitoke. Vijiti, vile vya kuzuia mimba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, vimeshapakiwa, mafuta yamejaa tenki, nesi mmoja ameshakaa mbele amefunga mkanda. Tukakaa hivyo hivyo kama dakika ishirini tukidhani ni mambo ya kibali. Wiki mbili baadaye nikaambiwa nibandue stika ya mlangoni, ile "Kutoka kwa Watu wa Marekani". Ilikuwa imepigwa jua miaka sita. Niliikwangua kwa kisu cha mkate na mafuta ya taa. Herufi zilitoka, ila rangi ya gari chini yake ilibaki nyeupe zaidi, kwa hiyo ukisimama upande wa dereva unayasoma yote vilevile.

Nilidhani hili ni jambo la Trump peke yake. Nikaanza kusoma, maana muda ninao, abiria wa mchana ni wachache. Nikakuta kumbe ni bembea. Mwaka 1984 serikali ya Reagan ilitangaza, kwenye mkutano wa idadi ya watu uliofanyika Mexico City, kwamba shirika lolote la nje likitaka pesa ya Marekani ya uzazi wa mpango lisitoe mimba, lisishauri kuhusu hilo, lisitetee sheria ilegezwe, hata kama linafanya hivyo kwa pesa ya mtu mwingine. Clinton akaifuta 1993. Bush akairudisha 2001. Obama akaifuta 2009. Trump akairudisha 2017 na kuipanua iguse karibu misaada yote ya afya, siyo uzazi wa mpango tu. Biden akaifuta 2021. Tarehe 24 Januari 2025 ikarudi tena, na ni siku zile zile amri za kusimamisha miradi zilipoanza kusambaa.

Sasa mchukue mwanamke wa Mbagala aliyezaliwa 1984. Mlango huo umefungwa mara nne na kufunguliwa mara tatu tangu azaliwe, na hajawahi kupiga kura hata moja Ohio.

Kinachonishangaza ni hiki. Pesa ya misaada ya Marekani ilishakatazwa kugharamia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango tangu 1973, kwa kile kifungu cha seneta Helms. Na sheria yetu wenyewe inaruhusu tu pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Kwa hiyo kwenye gari langu hakukuwa na hicho kitu wanachokipiga vita. Kulikuwa na vijiti, sindano za miezi mitatu, vidonge, vitanzi na kondomu.

Halafu likaja la Geel. Huo ni mji mdogo Ubelgiji. Kulikuwa na ghala lenye dawa za uzazi wa mpango za thamani ya dola milioni 9.7, zimeshalipiwa na walipa kodi wa Marekani, nyingi muda wake wa kuisha ni 2027 mpaka 2031. Julai 2025 serikali yao ikasema zitachomwa moto. Mashirika yakaomba yapewe, mengine yakajitolea kulipia usafirishaji, wakakataa. IPPF, ile jumuiya ya kimataifa ya vyama vya uzazi wa mpango ambayo UMATI yetu ni mwanachama wake, ikaeleza mgao wa kila nchi. Tanzania tulikuwa tumewekewa sindano zaidi ya milioni moja na vijiti 365,100, sawa na asilimia 28 ya mahitaji yetu ya mwaka.

Hapo ndipo nilipokoma kulia. Pesa ni yao, wana haki ya kuzima bomba. Ugomvi wangu ni na sisi. Inakuwaje zaidi ya robo ya mahitaji yetu ya mwaka mzima iwe imelala kwenye ghala moja la watu, na sisi tunaisoma kwenye habari kama wageni?

Tujadili, ila bila matusi.

Kibubu wa Buza:

Mkuu umenipitilizisha kituo, nilikuwa kwenye mwendokasi nasoma nikajikuta Kimara mwisho. Nimekaa paleee kusubiri wajuzi.

Mluguru Asiyependa Ujinga:

Naomba nitofautiane na mleta mada. Hizi pesa tangu lini mzungu akakupa kitu cha kukuzuia kuzaa kwa mapenzi? Ukienda zahanati dawa ya malaria hakuna, vijiti vimejaa. Hayati Magufuli aliwaambia watu Meatu kule Simiyu mwaka 2018 wasisikilize hayo mambo, wazae, wafanye kazi. Watu wakamcheka. Leo wenye vijiti vyao wametangaza kuvichoma wenyewe. Mimi naona Mungu ametusaidia. Nchi ina ardhi tele.

Nesi wa Zamu ya Usiku:

@Mluguru, mdogo wangu, nakujibu bila hasira kwa sababu nimetoka zamu sasa hivi na sina nguvu ya hasira.

Baada ya ile hotuba ya Meatu matangazo ya uzazi wa mpango yalisimamishwa redioni na kwenye televisheni. Wanawake hawakuacha kuja. Walikuja wakinong'ona.

Unajua mama anayeletwa na mimba ya sita, ya tano ina miezi kumi na moja tu? Mfuko wa uzazi umechoka. Mtoto anatoka vizuri, mnafurahi, mnampa mama mtoto aone. Halafu damu haikati. Unakanda tumbo, unachoma sindano ya kubana mfuko wa uzazi, unaita daktari, unatuma mtu benki ya damu. Kanga ya kwanza imelowa, ya pili imelowa. Mama anakuambia "dada nasikia baridi". Mtu akiniambia nasikia baridi wodini, mimi huwa naanza kukimbia kabla hajamaliza neno.

Hiyo sindano inatakiwa ikae kwenye ubaridi tangu kiwandani. Friji ikizima muda mrefu, dawa inapungua nguvu. Na aliyelipia friji nyingi nilizozikuta kwenye vituo ana stika kama ile ya mleta mada: Marekani, Denmark, Korea, Canada. Kwa hiyo usidhani pesa ya "uzazi" ni vijiti peke yake. Ni friji, ni mafunzo ya kutoa pumzi kwa mtoto aliyezaliwa hajalia, ni dawa ya kifafa cha mimba, ni gari la m-mama, lile la kumuwahisha mjamzito hospitali unapopiga 115. Vodafone Foundation, serikali yetu na USAID waliweka mkono pale.

Na dawa ya malaria na kijiti havigombei rafu moja. Fungu ni tofauti na oda ni tofauti. Kijiti kikikosekana, dawa ya malaria haiongezeki.

Mluguru Asiyependa Ujinga:

Shikamoo dada. Kwenye damu nimekuelewa. Kwenye vijiti bado.

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Marahaba. Mimba usiyoipata haikutoi damu. Lala salama.

Hesabu Hazina Shemeji:

Nesi kamaliza, ila naomba niweke namba, uzi huu umekaa kihisia mno.

Utafiti wa afya na demografia wa 2015/16 ulitupa vifo vya mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Rais Samia akapewa tuzo na Gates Foundation hapa hapa Dar, Februari 2025. Wapo wanaosema hiyo 104 ni ya kuipokea kwa tahadhari, makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalituweka 238. Mimi siingii kwenye ubishi huo. Chukua yoyote, imeshuka sana. Wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hapo kuna jasho la serikali: vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji vimejengwa vingi na kodi zetu zimo, tusijidharau.

Sasa angalia upande wa pili. Wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 32, na 2022 wakawa 31. Yaani tumejifunza kumuokoa mama akishafika leba, ila kumsaidia apange afike lini tumesimama palepale. Na hiyo ndiyo sehemu tuliyomwachia mfadhili zaidi. Sidhani ni bahati mbaya.

@Mluguru, kuhusu njama: watafiti wa Stanford waliangalia nchi 26 za Afrika kuanzia 1995 hadi 2014, wakachapisha 2019 kwenye Lancet Global Health. Katika nchi zinazotegemea zaidi pesa hiyo, sera hiyo ya Mexico City ilipokuwa inatumika matumizi ya njia za kisasa yalishuka karibu asilimia 14 na utoaji mimba ukapanda kwa takriban asilimia 40. Sera ya kuzuia mimba zisitolewe imezaa mimba zinazotolewa. Kama kuna njama basi wapanga njama hawajui hesabu.

Kibubu wa Buza:

"Hawajui hesabu" 😂 Mkuu wewe ni mwalimu wa sekondari, usinibishie.

Mama Nailoni:

Mimi ni mchangiaji msomaji tu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Mnazungumzia Washington na Ubelgiji. Mimi nimejifungua mwaka jana kwenye hospitali moja ya hapa mjini, siitaji. Huduma ya mama mjamzito ni bure, imeandikwa ukutani kwa maandishi makubwa ya bluu. Chini ya maandishi hayo hayo nikapewa karatasi: glovu jozi kadhaa, pamba, nailoni ya kutandika, kibanio cha kitovu, nyembe mbili, jiki, sindano na bomba lake. Mume wangu akaenda duka la dawa la mbele ya geti, saa nane usiku, na bei za saa nane usiku mnazijua. Nailoni yenyewe alisahau akarudi tena, mimi uchungu umeshakolea nasikia nesi anasema "msubirini baba aje na nailoni". Ndiyo maana jina langu humu ni hilo.

Sasa swali langu kwa mleta mada: kama serikali inashindwa nailoni, hivyo vijiti itaviweza?

Mhasibu wa Wilayani:

Hapo dada umegusa kazi yangu, nitajibu kwa kujificha.

Kwenye makaratasi vitu hivyo vipo. Mpango wa halmashauri wa mwaka unavyo. Tatizo kuna maneno mawili ambayo wananchi wanayachanganya: pesa iliyotengwa na pesa iliyotolewa. Hawa ni watoto wa baba mmoja, mama tofauti. Iliyotengwa inasomwa bungeni, watu wanapiga meza. Iliyotolewa inakuja Machi, au Juni wiki ya mwisho, au haiji. Mfadhili alikuwa na ubaya wake mwingi ila pesa yake ilikuwa inakuja, na sisi tukajifunza tabia mbaya: pesa yetu ikibanwa, tunabana kwanza kile ambacho tunajua mfadhili atakifidia. Miaka mingi kwenye vikao nimesikia "hilo acha, kuna mradi". Kila wilaya ilikuwa na "kuna mradi" yake.

Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakasema asilimia 15 ya bajeti ya serikali iende afya. Hatujafika. Bajeti ya 2025/26 imekuja na tozo za kuchangia mapambano ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote, hiyo ni hatua, naiheshimu. Ila mtu akipata virusi ana watu wa kumsemea, mfuko upo, sheria ipo. Kijiti hakina mfuko. Kijiti hakina hata mtu wa kukitamka kikaoni bila watu kucheka.

Chogo wa Keko:

Nakazia hapo kwenye kucheka. Nimewahi kubeba mizigo ya dawa, siku ya kondomu na vijiti mnasikia utani kuanzia geti la kwanza mpaka la mwisho.

Ila niongeze kitu watu hawakijui: bei. Vile vijiti viwili vya miaka mitano vilikuwa dola 18 kwa mwanamke mmoja. Mwaka 2013 Norway, Sweden, Gates na wengine wakamwendea Bayer, kampuni inayovitengeneza, wakamwambia tunakuhakikishia wanunuzi wengi kwa miaka sita, wewe shusha. Akashusha mpaka dola 8.50. Siyo huruma ile, ni biashara ya jumla, kama unavyonunua Kariakoo. Wanunuzi wakubwa wakijiondoa mmoja mmoja, hata sisi tukisema tununue kwa pesa yetu, tutanunua kwa bei ya rejareja? Hili ndilo linaniogopesha kuliko stika. Na siyo Marekani tu. Uingereza mwaka 2021 walikata asilimia 85 ya walichoahidi kwenye mfuko wa dawa za uzazi wa mpango wa UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, kutoka pauni milioni 154 hadi kama 23. Februari 2025 wakatangaza bajeti yao yote ya misaada inashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato lao hadi 0.3 ifikapo 2027. Bila kelele. Waingereza wanazima taa kwa adabu.

Binti wa Parokiani:

Mimi Mkatoliki na sitaficha, kanisa langu linafundisha njia ya asili na ndiyo tunayotumia nyumbani. Naomba mchango wangu usichekwe. Hata njia ya asili inahitaji mtu wa kukufundisha, na aliyenifundisha alikuwa nesi wa kituo cha serikali aliyekuwa amesomeshwa na mradi. Mradi ulipokufa amehamishiwa dirisha la kadi. Hiyo tu.

Hesabu Hazina Shemeji:

Hatucheki dada.

Halafu nikumbushe kisa. Mwaka 2002 Bush alizuia dola milioni 34 za UNFPA. Wanawake wawili wa Marekani, Jane Roberts na Lois Abraham, kila mmoja kivyake, wakaanza kuomba Wamarekani milioni 34 watoe dola moja moja. Pesa ziliingia kwenye bahasha, noti moja moja. Kwa hiyo tunaposema "Wamarekani" tuwe tunaangalia nani.

Mluguru Asiyependa Ujinga:

Sasa hapo ndiyo mnanichanganya. Kwa hiyo tufanye harambee ya vijiti? Send-off tunachanga, kipaimara tunachanga, na hiki?

Dereva wa Mkoba:

Nilikuwa barabarani, nimerudi.

@Mluguru, kaka, sitaki harambee. Harambee ni ya jambo la mara moja. Nataka fungu lenye jina lake kwenye bajeti, lililoandikwa vijiti, sindano, vitanzi, lisilojificha ndani ya "dawa na vifaa tiba", na kila robo mwaka tuambiwe kilichotolewa. Siyo kilichotengwa, kilichotolewa, kama alivyosema Mhasibu. Tukishakuwa na hilo, mfadhili akija karibu, akiondoka kwa heri. @Chogo, hilo la bei umenipiga, sikulijua. Nadhani jibu lake ni kununua pamoja na majirani, Kenya na Zambia nao walikuwa na mzigo wao mle Geel, lakini hapo naongea kama dereva.

@Mama Nailoni, swali lako sina jibu lake. Nimelisoma mara tatu nikiwa kituoni.

Fundi Friji Gongo la Mboto:

Samahani naingilia. Mada yenu kubwa, mimi nina shida ndogo. Mke wangu aliwekewa kijiti na hao watu wa gari, Msongola, kile kimoja cha miaka mitatu. Walimwambia watarudi kukitoa. Hawajarudi. Majirani wanamwambia kuna mtu anatoa kwa wembe elfu tano. Naomba ushauri.

Dereva wa Mkoba:

Kaka, kama ni Msongola ni sisi. Tulisema tutarudi, na tulimaanisha.

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Fundi, asiende kwa mtu wa wembe, nakuomba. Kijiti kikikatwa vibaya kinazama kwenye msuli na hapo ni upasuaji. Aende kituo cha afya chochote kikubwa, aulize nesi aliyesomea kutoa vijiti, siku hizi siyo kila zamu ana mtu huyo, kwa hiyo apige simu kwanza au aende asubuhi mapema. Ni ganzi kidogo na dakika chache. Miaka mitatu ikishapita asikitegemee tena, mtumie kondomu mpaka apate huduma. Na aende na kadi yake.

Fundi Friji Gongo la Mboto:

Asante sana dada. Kadi ililowa mafuriko yalipoingia ndani, tarehe haisomeki.

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Aende nayo hivyo hivyo. Mtoto wenu wa mwisho ana umri gani?

Fundi Friji Gongo la Mboto:

Anaanza chekechea Januari. Kijiti aliwekewa mtoto akiwa wa miezi minane, hajatambaa vizuri.

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Basi muda umeshapita. Aende kesho.